Nyanya za Ilula na Kipimo cha Kaswende

Soweto, Mbeya

Mjukuu wangu Tumaini,

Uniwie radhi kwa kukaa kimya muda mrefu. Babu yako hajambo, na viazi vimekwisha kuvunwa. Unauliza kama umwache mumeo, kwa sababu kliniki imekukuta na kaswende ukiwa mjamzito.

Nami nilikutwa nayo nikiwa na mimba ya mama yako. Babu yako alikuwa dereva wa lori, na kila safari alinunua nyanya kwa mwanamke yule yule wa Ilula. Nilimwambia muuguzi, "Andika jina lake."

Akacheka. "Mama, damu inaonyesha ugonjwa, haimtaji aliyeuleta. Mlete baba naye apimwe."

Naye alikutwa nayo. Tulichomwa sindano sote wawili, na mama yako akazaliwa salama. Nani alianza, hakuna kipimo kilichosema. Basi chomweni sindano kwanza, mtoto asidhurike. Mambo ya ndoa utayaamua baadaye.

Mimi nyanya za Ilula sili hadi leo. Babu yako anataka tuje kwako Morogoro kwa basi, naye amekwisha kuuliza kama litasimama Ilula. Nikiamua kupanda, nitakuandikia.

Bibi yako