Haragwe Kwenye Mkate wa Mama

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba unisaidie, maana jambo hili siwezi kumwambia ndugu wala rafiki, na nisipolisema litanitoka siku moja mahali pabaya. Nakuandikia nikiwa kazini, duka la vitambaa, mwenye duka ametoka na wateja hakuna, nami nimegeuza kitabu cha risiti natumia karatasi za nyuma.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini kasoro, ndoa yangu ilivunjika nikarudi kwa mama, na mama alinipokea bila kuniuliza swali hata moja, aliniambia tu, "Weka mizigo, nawa mikono, njoo ukande," kwa sababu ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi mama yangu huoka mkate. Ni mkate wa mtindi na hamira, Shangazi, mtindi anaupasha moto mdogo mpaka uwe vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, anatia hamira na sukari kidogo, anasubiri ipande povu, ndipo unga, siagi na chumvi, anakanda mpaka donge liache kung'ang'ania vidole, likishaumuka analikunja na kulifunga mshono kwa chini, analilaza kwenye bati, analifunika kitambaa liumuke tena, naye anakwenda kujinyoosha. Jumapili mchana kaka zangu wawili wanakuja na wake zao na watoto, mkate unakatwa mezani, una uchachu kidogo wa mtindi, na ndiyo saa pekee tunayokaa wote bila mtu kushika simu.

Sasa mama ameanza kusahau. Mwanzo ilikuwa majina ya majirani, tukasema ni uzee, halafu usahaulifu ukaingia jikoni. Jumapili moja mkate ulikuwa umetiwa chumvi, ukatiwa tena, ukatiwa tena, mke wa kaka mdogo akauliza kwa kicheko kama leo tunakula mkate au tunasukutua koo, mama akacheka naye, lakini wakati wa kutoa vyombo alikuta vipande ambavyo wajukuu walivificha chini ya sahani, akasimama na sahani mkononi, na uso ule sijausahau. Wiki iliyofuata akauchemsha mtindi mpaka ukakatika, akamwaga hamira humohumo, hamira ikafa, donge likalala kwenye bati zito vilevile kama alivyoliweka, naye ameshalifunika na kwenda zake kulala, na usingizi wake wa mchana ni mrefu. Shangazi, hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Nilichukua donge la mama nikalitupa kwenye ndoo ya taka, nikakanda langu mbiombio, nikazidisha hamira ili liwahi, nikalifunika kwa kitambaa kilekile, mama alipoamka akakuta limejaa bati, akatabasamu, akaoka. Kesho yake kaka mkubwa akambusu kichwani akamwambia, "Mama, mkono wako haujazeeka," na mimi nilifurahi mpaka machozi yakanilenga.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Kila Jumamosi nilikuwa naandaa donge langu mapema nalificha juu ya kabati chumbani kwangu, mama akilala natupa lake naweka langu, hata zile siku ambazo lake pengine lilikuwa zima, maana nilikuwa siangalii tena, natupa tu.

Siku moja mezani mama aliuchukua mkate akaupindua, akautazama chini, akaunusa, akasema, "Huu mkate sio wangu." Kaka mkubwa akamwambia, "Mama, si umeuoka mwenyewe jana?" Mama akasema, "Nimeoka, lakini sio huu. Mimi mshono naufunga kwa vidole viwili, huu umefungwa kwa ngumi. Halafu unanuka hamira. Kuna mtu anaingia jikoni kwangu." Wifi zangu wakatazamana. Toka siku hiyo akawa anasema hivyo kila wiki, na siku moja akaongeza, "Kikulacho ki nguoni mwako," mimi nikainuka nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kaka mkubwa akampeleka hospitali, mimi nikafuatana nao. Daktari aliuliza kama mama anaamini mambo ambayo hayapo, kaka akajibu, "Ndiyo, anasema kuna mtu anambadilishia mkate," na mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye benchi, nimeshika mkoba wa mama, sikufungua mdomo. Akaandikiwa vidonge. Sasa mama anashinda kwenye kiti kidevu kimegusa kifua, redio yake inaongea peke yake.

Jumamosi iliyopita alijikaza akaoka hivyohivyo, nami nikabadilisha kama kawaida. Jumapili kaka alipoinua kisu mama akamwambia, "Ngoja. Jana nimetia haragwe moja kwenye unga. Kama mkate ni wangu, limo. Kata." Kaka akakata, akakata tena, akaufikicha mkate wote ukawa makombo, haragwe hakuna. Mama akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeshinda kesi, akasema, "Mmeona?" Shangazi, hakuna aliyeona. Mke wa kaka mdogo akaanza kulia, "Maskini mama, sasa anatia maharagwe kwenye mkate," na kaka mkubwa akasema imetosha, mwisho wa mwezi mama anahamia kwake, kule jiko lina mlango na mlango una ufunguo. Mama akanigeukia mimi. Akaniuliza polepole, "Wewe mwanangu, unaniamini?" Nikamjibu, "Pumzika, mama."

Walipoondoka nilikwenda kwenye ndoo ya taka, lile donge lilikuwa limesukuma kifuniko kisha likabonyea, nikalipekua kwa vidole na haragwe nikalipata. Nimelifunga kwenye karatasi, liko kwenye pochi yangu mpaka hivi ninavyokuandikia.

Nikisema, kaka zangu watasema mimi ndiye niliyemtia mama wazimu na sifai kukaa naye. Nisiposema, mama anaondoka. Na wakati mwingine nafikiri, Mungu anisamehe, pengine ninyamaze tu kwa sababu yeye mwenyewe atasahau. Nifanye nini?

Wako,
Nimekwama Jikoni

JIBU LA SHANGAZI

Nimekwama Jikoni, marahaba.

Pole nakupa mapema, maana nikishaanza kukugombeza sitakumbuka tena kukupa. Kumwona mzazi akipungua mbele ya macho yako ni msiba usio na matanga, hakuna anayekuja kukaa nawe, na wewe ndiye unayeubeba kila siku ilhali kaka zako wanaubeba Jumapili mchana. Siku ile ya kwanza, na ile sahani yenye vipande vilivyofichwa, hata mimi pengine ningefanya ulivyofanya. Mpaka hapo sina neno.

Neno ninalo baada ya hapo. Ulifunika kombe mwanaharamu apite, mwanangu, lakini mwanaharamu hakupita, alivuta kiti akakaa, na wewe ukawa unampikia. Mama yako alisema mkate si wake, na mkate kweli haukuwa wake. Alisema kuna mtu anaingia jikoni, na kweli alikuwepo. Katika nyumba nzima aliyekuwa anasema kweli ni yule mnayesema akili imemtoka, na aliyekuwa na akili timamu amekaa kwenye benchi la hospitali ameshika mkoba. Daktari hana kosa. Alijibiwa swali, akaandika dawa ya jibu alilopewa.

Na mtu anayekutegea mtego kwa haragwe, akautunza moyoni mpaka kesho yake, akausema mbele ya mashahidi, tena huku amelewa vidonge, huyo anasahau, ndiyo, lakini bado yumo. Mlikuwa mezani na mama yenu mwenyewe, mzima, na mkamlilia kama amekwenda.

Sasa nisikilize kwa jambo ambalo umeliandika mbiombio, kama ulivyokuwa ukikanda. Umesema lile donge ndani ya ndoo lilisukuma kifuniko. Binti yangu, umeoka na mama yako miaka yote hiyo, mimi ndiye wa kukwambia? Donge lililokufa halisukumi kitu. Mtindi wake ulikuwa vuguvugu, hamira yake ilikuwa hai, na bila shaka mshono wake ulikuwa wa vidole viwili. Mkate wa Jumamosi ile ulikuwa mzima kabisa, na uliutupa. Mingapi mingine ilikuwa mizima hatutajua, kwa sababu uliacha kuangalia. Ulianza kwa kumfichia mama makosa yake, ukaishia kumnyang'anya na yale aliyoyapatia. Hilo ndilo lililokufanya uandike barua hii, hata kama hukulitaja.

Halafu umeandika kwamba pengine atasahau. Nimeusoma mstari huo nikaiweka barua mezani nikaenda dirishani. Huwezi kuufanya ugonjwa wa mama yako kuwa maficho yako. Tena usijidanganye. Atasahau siku, atasahau mkate, lakini ile hali ya kumuuliza mtoto wake kama anamwamini akajibiwa "pumzika" itabaki naye hata asipojua imetoka wapi. Atakuwa na huzuni asiyojua chanzo chake. Chanzo unakijua wewe.

Basi fanya hivi, na uanze kesho asubuhi kabla hujaenda dukani.

Mwambie mama kwanza, kabla ya kaka zako. Asubuhi, wakati dawa hazijamlemea, mkae jikoni na si chumbani kwake. Sema kwa maneno mafupi: "Ni mimi. Nilikuwa natupa wako naweka wangu. Niliogopa watakucheka." Usianze kwa kujitetea na usilie kabla yake. Akikasirika, mwache akasirike, amenyimwa haki hiyo muda mrefu. Akisahau kesho, mwambie tena kesho.

Kisha rudi kwa daktari, wewe mwenyewe, pamoja na kaka mkubwa, umweleze ulichonyamazia. Vidonge usimwachishe kwa kichwa chako, hata kama mikono inakuwasha. Daktari ndiye aliyeviandika na ndiye atakayeamua baada ya kusikia ukweli. Na kaka yako usimwogope kiasi hicho. Atafoka, atapiga meza, atasema umemvunjia mama heshima, na atakuwa na haki. Ukimaliza kumsikiliza, muulize ni lini yeye alikanda mara ya mwisho.

Kuhusu kuhama, sitakwambia mama asihame. Huenda siku moja itabidi, kusahau kwake ni kweli na moto wa oveni si mchezo. Lakini asihamishwe kwa uongo, na asihamishwe bila kuulizwa.

Jikoni kuanzia sasa ni pa watu wawili. Yeye anakanda, wewe macho. Oveni uiwashe wewe na uizime wewe, hilo halina mjadala. Chumvi ya mkate ipimeni kabla ya yote, muiweke kwenye kikombe pembeni na mkebe wa chumvi urudi kabatini. Kikombe kikiwa kitupu, imeshatiwa. Mtindi ukitoka motoni chovyeni vidole, chake na chako, na unga usiguswe mpaka hamira ipande povu mbele ya macho yenu wote wawili. Povu lisipopanda, mnamwaga kikombe kimoja cha mtindi na kuanza tena, hakuna aliyeaibika. Na ikitokea mkate umelala hata hivyo, ukatwe mezani hivyohivyo, uliwe na chai, na wifi yako mcheshi akatiwe kipande kikubwa. Wajukuu nao wafundishwe kwamba mkate wa bibi haufichwi chini ya sahani.

Limebaki moja. Hilo haragwe lililo kwenye pochi yako si lako. Jumapili hii, wakishakaa wote, wale wale waliomlilia, kabla kisu hakijagusa mkate, simama, fungua ile karatasi, mwekee mama yako haragwe lake mkononi, na useme kwa sauti ambayo hata watoto watasikia: "Mama, lilikuwamo."