Asiye na Hatia Hakimbii

Jumamosi, 1 Machi

Treni ya Dar imeingia na saa nne za kuchelewa. Nimetoka ofisi ya vifurushi ya stesheni saa nane mchana, vidole vyeusi kwa wino wa muhuri, tumbo tupu. Sikupita nyumbani. Nimekwenda moja kwa moja mtaani Rusimbi, barazani kwa Mzee Yakobo, kwa kuwa leo kikundi chetu cha wasomaji kilikuwa kinakijadili *Kikombe cha Meneja*, ile riwaya ya meneja wa mkonge aliyewekewa sumu. Nisingekosa hata kwa homa.

Kitabu hicho nimekisoma mara saba tangu usichana. Nakala ya kikundi ni moja, imeshonwa upya kwa uzi wa nyavu. Kila mtu anakaa nayo wiki moja, kisha anaandika maoni yake kwenye daftari. Sheria ya daftari ni moja tu: kilichoandikwa hakifutwi wala hakichanwi. Ukipinga, andika chini yake na uweke jina.

Leo maoni yalisomwa kwa sauti. Hamisi, muuza dagaa: mwisho mtamu, katikati maneno mengi mno. Neema, nesi aliyehamishiwa hapa kutoka Mbeya: sumu ile haiui kwa dakika tano, mwandishi hajawahi kukesha na mgonjwa. Mzee Yakobo, mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu: fundisho la kitabu ni kwamba haki hushinda. Ameandika hivyo kwa kila kitabu tulichowahi kusoma.

Halafu Mwalimu Nestori. Mrundi, alifundisha hesabu kwao, sasa yuko kambi ya wakimbizi. Huja mjini Jumamosi kwa kibali. Ameandika hivi: "Kitabu kizuri, hesabu mbaya. Inspekta hana shahidi wala alama ya kidole. Anamtia hatiani mpishi kwa sababu alitoroka usiku ule na kuacha chungu motoni. Anasema asiye na hatia hakimbii. Mimi nilikimbia. Niliacha maharage jikoni, moto unawaka. Sikuua mtu. Mpishi amenyongwa kwa hesabu iliyokosewa."

Damu ilinichemka. Kitabu changu! Nikachukua kalamu palepale, mbele ya wote, nikaandika chini yake: "Mtu hakimbii bure. Anayekimbia amebeba kitu. Kama si mali, ni hatia. Tausi." Nikaisoma kwa sauti. Hamisi akajipiga kofi pajani. Mwalimu Nestori akakunja miwani, akasema asante, akaondoka kuwahi lori.

Nimeshinda.

Jumapili, 2 Machi

Bado nina raha ya jana. Sentensi fupi, imesimama. Nimewahi kuandikia magazeti barua za kurasa sita zisizo na nguvu ya mistari ile miwili.

Jumanne, 4 Machi

Neema amepita dirishani kwangu kuchukua kifurushi cha mama yake. Hakunisalimia vizuri. Nikamwuliza ana nini. Akasema, "Dada Tausi, umemfungia mtu mlango halafu unaniuliza nina nini?"

Habari yenyewe ni hii. Kibali cha Mwalimu Nestori kimekwisha Jumamosi ileile. Ili apate kingine, mwenyekiti wa kikundi humwandikia mkuu wa kambi barua kila mwezi kwamba tunamhitaji mjini Jumamosi. Safari hii Mzee Yakobo amekataa kuandika. Neema alipomwuliza sababu, alifungua daftari na kumwonyesha mistari yangu. "Hata Tausi ameona," alisema. "Anayekimbia amebeba hatia. Mimi niweke sahihi kwa mtu wa namna hiyo?"

Nilimwambia Neema kwamba niliandika juu ya mpishi wa kitabuni.

Akasema, "Uliandika chini ya nani?"

Nikamsukumia kifurushi chake. Nina hasira na Mzee. Nina hasira na Neema. Zaidi na mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekichukua kitabu nikisome mara ya nane, kwa nia ya kumshinda Mwalimu Nestori kwa haki, ushahidi mkononi. Nimesoma nikiwa na penseli. Nimetafuta kitu kimoja tu: kinachomfunga yule mpishi, manamba, kibarua wa mkataba, aliyetolewa kwenye mashamba ya mkonge akapelekwa jikoni kwa meneja.

Alikuwa na sababu? Meneja alimpiga. Lakini meneja alimpiga kila mtu. Sumu? Ilikuwa ghalani, na ufunguo alikuwa nao karani. Kikombe? Kilipelekwa na mke wa meneja kwa mkono wake. Inspekta Mwinjuma anayajua yote haya. Anavuta kiko, anatembea ukumbini kurasa kumi na moja, kisha anasema asiye na hatia hakimbii, na watu wazima wote mle ndani wanaitikia kwa kichwa.

Mara saba nami niliitikia kwa kichwa. Mimi ninayejiita msomaji.

Kitabu bado nakipenda. Hilo halibadiliki. Lakini hesabu ni mbaya.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda Rusimbi baada ya kazi. Nikamwamkia Mzee, akaitikia bila kuinua macho kwenye gazeti. Nikasema nimekuja kuomba barua.

"Binti yangu, wewe ndiye uliyeandika."

"Niliandika vibaya, Mzee."

"Kwenye daftari hakuna vibaya. Kuna kilichoandikwa." Akakunja gazeti. "Na hata uniombe vipi, siandiki. Akipotea mjini, nitaulizwa mimi. Akiibiwa mtu, nitaulizwa mimi. Tena kitabu nilichowasomea watoto wa darasa la saba miaka yote, anakuja mtu wa juzi anasema hesabu mbaya!"

Hapo ndipo penyewe. Woga ni kisingizio. Mzee ameudhika, kama nilivyoudhika mimi. Tofauti yetu ni kwamba sahihi inayotakiwa ni yake.

Nikamwambia nitaitisha kikao Jumamosi. Akasema baraza ni lake. Nikamwambia basi tutakaa barabarani, kwenye vumbi, watu wakipita waulize kuna msiba gani. Akanikaribisha chai. Sikuinywa.

Ijumaa, 7 Machi

Daftari limelala kwangu leo, zamu yangu ya kulitunza. Mlango umefungwa. Hakuna mtu. Ukurasa unatoka kwa urahisi, uzi umelegea. Ningesema panya. Mistari yangu ingekwenda, na Mzee asingekuwa na cha kuonyesha.

Nimeushika ule ukurasa. Nikauachia.

Maneno ya Mwalimu Nestori yako kwenye ukurasa uleule. Siwezi kujifuta bila kumfuta.

Nimeandika kurasa nne za hotuba badala yake. Kali.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekaa barazani. Mzee hakuthubutu kutuacha barabarani. Kiti cha Mwalimu Nestori kilikuwa kitupu, na kila aliyeingia alikitazama kisha akatazama pengine.

Kabla ya hotuba nilifungua daftari nikaandika chini ya mistari yangu, nikisoma kila neno kwa sauti: "Nilikosea. Mpishi hana hatia. Nimetafuta ushahidi wa Inspekta, sikuuona. Badala ya kumjibu mtu, nilimpiga kwa yaliyompata. Tausi."  Nimegombana na wakubwa wa stesheni na maimamu wawili, na kote huko sikuwahi kukiri kosa.

Mzee akacheka. "Umeingiwa na huruma, basi. Huruma si hoja."

Nikaanza hotuba. Ukurasa wa kwanza, sheria. Ukurasa wa pili, mantiki. Nikiwa katikati ya ukurasa wa tatu Hamisi akainua mkono kama mtoto wa shule. Nikakasirika, nikamruhusu.

"Mzee, samahani," akasema. "Eti marehemu baba yako alirudije kutoka Tanga?"

 Rusimbi nzima inajua alivyorudi. Alikwenda mkonge akiwa manamba. Akatoroka kabla ya mkataba kuisha, akatembea na reli kituo kwa kituo, akilala vichakani, akila mihogo ya watu, mpaka alipoliona ziwa. Mzee hutusimulia kila harusi, na kila harusi baba yake ni shujaa zaidi.

"Ile ilikuwa tofauti," Mzee akasema.

Neema akauliza kwa upole, "Tofauti gani, Mzee?"

  Akaangalia kitabu kilichokuwa mezani kana kwamba kimempa kofi. Miaka arobaini amewasomea watoto wa manamba kwamba manamba aliyekimbia ni muuaji, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, wala mwalimu wao. Wengi wetu hapa ni wajukuu wa manamba watoro. Sote tulikisifu.

Aliinuka, akaingia ndani, hakutoka tena. Mkewe akatuletea chai, akasema amepumzika.

Kurasa zangu moja na nusu zilizobaki hazikusomwa. Muuza dagaa alimaliza kazi kwa swali moja. Imeniuma kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tatu asubuhi mtu amegonga dirisha la vifurushi. Mzee Yakobo mwenyewe, amevaa koti, jasho linamtoka. Amekuja kwa miguu. Amenisukumia bahasha bila salamu. "Ipeleke leo. Lori la kambini linatoka saa tano."

Ilikuwa wazi. Nimeisoma, naye alitaka niisome. Mistari mitano. Anamwomba mkuu wa kambi amruhusu Mwalimu Nestori aje mjini kila Jumamosi, "kwa kuwa kikundi chetu kina upungufu wa watu wanaosoma kwa makini." Sahihi kubwa, tarehe, jina kamili na la baba yake.

Nikasema, "Ahsante, Mzee."

"Usinishukuru. Kitabu ni kizuri bado."

Nimefunga dirisha, nimeacha foleni ikilalamika, nimekimbia mpaka lilipoegeshwa lori. Dereva amesaini kwenye kitabu changu cha makabidhiano. Sikutaka hadithi za kupotea njiani.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna jibu. Mvua. Dereva anasema aliifikisha ofisini, mezani kabisa, aliona inapigwa muhuri wa kupokelewa. Zaidi hajui. Kama Jumamosi haji, nitakwenda mwenyewe kambini kudai majibu. Nimeshaomba ruhusa kwa mkubwa wangu. Amekataa. Nitakwenda.

Jumamosi, 15 Machi

Amekuja.

Amevua viatu vyenye tope mlangoni, amewasalimia wote kwa mkono, mimi pia, sawa na wengine. Mzee Yakobo amemsogezea kiti. Hakuna aliyetaja barua. Neema akampa daftari.

Alisoma ukurasa wake taratibu. Mistari yangu ya kwanza. Mistari yangu ya pili. Akaazima kalamu kwa Hamisi, akaandika, akafunga. Kisha tukazungumza juu ya bei ya dagaa na mvua, na Mzee akacheka mara moja, kicheko cha kweli.

Daftari wamenipa nije nalo nyumbani. Nimelifungua nikiwa nimeketi mlangoni, mvua imekatika, ziwa limetulia. Chini ya jina langu ameandika:

"Bi Tausi amekosea mara ya pili, kwa wema. Mimi sikusema mpishi hana hatia. Nimesema hesabu ni mbaya. Kama aliua, sijui. Inspekta naye hakujua. Nestori."

Nimesoma mara tatu. Kalamu ninayo. Nafasi chini yake ipo, nusu ukurasa.

Nimeiacha tupu.