Nguzo Iliyobaki Kwenye Postikadi

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Steshenari haina mteja. Nimeskani postikadi zangu zilizobaki: benki yenye ukuta wa matundu, hoteli ya ufukweni, ukumbi wa chuo wenye paa kama karatasi iliyokunjwa. Anga ya kadi hizi ni bluu kupita kiasi. Zege jeupe. Hakuna hata nguo moja iliyoanikwa.

Nayapenda majengo haya ya miaka ya sitini, na nikiulizwa kwa nini nababaika. Hayana nakshi. Mstari, kivuli, upepo unapita. Walioyajenga walikuwa na uhakika na kesho. Mie sina.

Mama anasema nakusanya makaratasi ya marehemu.

Jumatano, 7 Mei

Nimelipata! Muuza vitu vya kale wa Kariakoo alinipigia mchana, nikafunga duka nikaenda. Jengo letu. Hili hili la Chang'ombe tunalokaa, likiwa jipya. Ghorofa tatu zimesimama juu ya nguzo, chini kote wazi, kivuli kitupu na kigari kimoja kimeegeshwa. Siku hizi huko chini ni maduka tu. Nyuma ya kadi kuna mwandiko wa Kijerumani, sijui unasema nini.

Mama aliishika kwa vidole viwili. Akalitafuta dirisha letu la ghorofa ya pili, akalipata. "Baba yako alikuwa anakaa hapo jioni, anavua viatu."

Furaha tupu. Kesho naikuza kwenye kompyuta.

Alhamisi, 8 Mei

Sijisikii vizuri.

Nimeikuza. Nguzo zimepangwa mistari miwili, wa mbele na wa katikati. Za mbele zote nazijua, napita kando yake kila siku. Lakini kwenye mstari wa katikati, kushoto kwa ngazi, ipo moja nisiyoijua.

Nimeshuka kwa Masudi, jirani yetu anayeuza vipuri vya pikipiki, nikajifanya namsalimia. Pale pana kaunta ya vioo na pikipiki mbili za maonyesho. Peupe, pasafi. Nguzo hakuna. Juu, dari ya jipsamu yenye taa za urembo. Juu ya dari, nyumba ya Masudi mwenyewe na wanawe. Juu yao, kitanda cha mama yangu.

Labda ni kivuli tu kwenye picha.

Ijumaa, 9 Mei

Si kivuli. Nimepita madukani nikahesabu hatua: nguzo za mstari ule zimeachana sawasawa, isipokuwa hapo kwa Masudi. Hapo pengo ni mara mbili.

Na mlango wa choo chetu unakwama tangu mwaka jana. Tulisema unyevu. Na ule ufa juu ya jiko, tukaupaka rangi, ukarudi.

Nikampelekea Masudi kadi. Aliitazama mno. Kisha akacheka, lakini kicheko kilichelewa kutoka.

"Dada Zuhura, hii nyumba imesimama toka hatujazaliwa. Picha ya wazungu ndo ikutishe?"

Nilipofika mlangoni akauliza nimemwonyesha nani mwingine.

Naogopa.

Jumapili, 11 Mei

Usingizi wa mang'amung'amu. Friji ikinguruma nainuka.

Kaka Idi ana nyumba Goba, vyumba vipo. Mama hataki kusikia. "Goba kwenye vilima huko na miguu yangu hii? Nikaangalie mipapai?" Amegoma hata kula nilipoendelea.

Nimemwambia Mama Kelvin, wa ghorofa ya tatu, mwalimu, mtu wa Mbeya. Tulikutana kwenye ngazi anatoka kanisani. Alinisikiliza hadi mwisho. Nikadhani ameelewa. Kumbe anapima maneno. Zimekuwepo tetesi kwamba mwenye nyumba anatafuta njia ya kututoa auze kiwanja. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimeongea naye.

Yaani nimenunuliwa.

Mwanamke niliyemlelea Kelvin akiwa na surua. Imeniuma hadi sasa ninavyoandika.

Jumanne, 13 Mei



Idi alikuja na rafiki yake, mhandisi wa majengo. Masudi akakataa dari yake isiguswe. Akasema namwonea wivu wa biashara, wateja wakimsikia. Mhandisi hakubishana. Akaomba kupanda nyumbani kwake. Mke wa Masudi akamkaribisha. Akalaza chupa tupu ya soda sakafuni, karibu na ukuta. Ikabiringika yenyewe hadi katikati ya sebule, mbele ya televisheni, ikatulia pale. Mtoto wao mdogo akaifurahia, akaomba irudiwe.

Mama yake akashuka ngazi bila viatu hadi dukani kwa mumewe. "Baba Nasra, fungua hiyo dari."

Akafungua. Juu kule kulikuwa na kichwa cha nguzo, kimekatwa, nondo zimechomoza zikiwa na kutu. Mhandisi alimulika kidogo tu. Akashusha sauti, na hiyo sauti ndogo ndiyo iliyoniogopesha kuliko kelele: "Toeni watu. Leo hii."

Mama tulimshusha amekaa kwenye kiti cha plastiki. Idi nyuma, Masudi mbele. Mama alikuwa anasoma dua. Mie sikuweza kumtazama Masudi usoni. Mama Kelvin alinipita na godoro kichwani.

Jumamosi, 17 Mei

Tuko Goba, kwa Idi. Jengo la Chang'ombe wamelizungushia mabati, ndani wameweka mirunda na jeki za chuma. Bado limesimama.

Kwenye grupu la wapangaji wananisema. Kadi ya Zuhura imetulaza nje. Mbona halijaanguka? Mhandisi alisema linaweza kukaa miaka, linaweza kwenda mchana huu. Nani anataka jibu la namna hiyo.

Leo nimejikuta naomba lianguke. Hata kona moja tu, waone. Halafu nikakumbuka mafundi walioko ndani. Nimejichukia.

Simu ikilia naikimbilia.

Alhamisi, 22 Mei

Mwenye nyumba ameamua kulivunja lote. Basi.

Mama Kelvin aliruhusiwa kuingia kuchukua vyombo. Kanitumia ujumbe: "Nimeziona zile nondo. Nisamehe mama." Nimeusoma mara nyingi. Sijajibu. Nitajibu.

Jumapili, 1 Juni

Masudi amekuja. Kapanda kilima chote na tope, suruali imechafuka hadi magotini. Akampa mama shikamoo, akakaa ukingoni mwa kochi.

Alisema mwenyewe, hakuulizwa. Nguzo ilikuwa inaziba pikipiki zisionekane barabarani. Fundi wa kwanza alikataa kuikata. Akatafuta mwingine.

"Nasra na mdogo wake walikuwa wanalala juu yake, mama."

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali, wiki nzima. Mama akaniwahi. Akamuuliza watoto wanalala wapi sasa. Akasema kwa shemeji yake huko Mtoni, sebuleni. Mama akasema awalete Jumamosi, hapa uwanja upo. Nilimkasirikia mama. Nikatoka kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Alipoaga nikamsindikiza. Mvua imelichimba lile teremko, ni utelezi mtupu. Karibu na kwa jirani mguu wake ukaponyoka, nikamdaka mkono. Hakuutoa. Sikumwachia. Tulishuka hivyo, taratibu, hadi kwenye lami.