Baba Amekataa Mayai Ninayomchemshia

Mpendwa Mama Jepchumba,

Pole kwa kazi ya kutusomea shida zetu, mimi ni msomaji wako hapa Kiplombe na naomba unisaidie kabla baba yangu hajarudi Moi's Bridge kuishi peke yake kwenye nyumba iliyofungwa, na yote haya ni kwa sababu ya yai, tafadhali usicheke.

Mama alitutoka mwaka jana nikamleta baba kwangu, na tangu afike hataki kula chochote asubuhi, ni chai tu, na daktari amesema dawa zake za presha asizimeze tumbo likiwa tupu, sasa amekonda hadi mshipi umefika tundu la mwisho. Siku moja nikamuuliza, "Baba, nikupikie nini ule?" akasema, "Nipe yai ya kuchemsha, kama ya mama yako." Nilifurahi sana. Nafuga kuku wachache nyuma ya nyumba, na kwa vile ni baba yangu siwezi kumpa yai lililolala, kwa hiyo naokota lile la karibuni kabisa, mara nyingine bado lina joto la kuku, nalipeleka moja kwa moja kwenye sufuria. Na kila siku linanishinda. Ganda linabanduka na vipande vya yai, linabaki na mashimo mashimo, nikichemsha kidogo kiini kinamwagika, nikizidisha kinazungukwa na rangi ya kijani. Ndugu yangu Lenny alinitumia video ya mpishi mmoja wa Mombasa, nikafuata dakika zake zote, bado kiini kikatoka kibichi. Jana baba aliligeuza yai kwenye sahani akaniuliza, "Nanyama, hii yai nani ameipiga?" Kisha akalisukuma kando, akasema Jumamosi anaenda kwake.

Mama Jepchumba, ungeyaona mayai ya mama. Jumapili tukitoka kanisani, hata viatu hatujavua, mama ameshabandika sufuria, akiepua anayatia mayai kwenye karai la maji ya kisima, halafu analeta karai lenyewe mezani pamoja na chumvi kwenye kisahani. Baba anavua koti, anakunja mikono ya shati, anaanza kumenya, la kwanza la mama, kisha yetu kuanzia kwa mdogo, na mama anakula huku akimtania kwamba hiyo ndiyo kazi pekee ya jikoni anayoijua. La baba mwenyewe lilikuwa la mwisho, na kufikia hapo chai yake imeshapoa. Mayai yenyewe yalikuwa laini, yanang'aa, hayana hata alama ya kucha. Nikiikumbuka ile meza nalia, sisemi uongo. Siku hizi mimi humenya huko huko jikoni nikamaliza kabisa ndipo nikampelekea, nisimsumbue, maana mikono yake inatetemeka kidogo, kisha nakimbia kufungua duka.

Nifanye nini ili yai langu liwe kama la mama? Sitaki aende.

Nanyama, Kiplombe

*

Nanyama binti yangu,

Pole sana kwa kumpoteza mama. Sikucheka, ila nilipofika pale mzee anauliza nani amelipiga yai, ilinibidi niweke chini kikombe.

Sasa nikugombeze. Unamheshimu baba yako hadi unamharibia chakula. Yai lililotoka kutagwa ni la kukaanga. Ukilichemsha, ganda linashikamana na yai, na hutalimenya vizuri hata ukilibembeleza. Mama yako alikuwa na watoto wengi na nadhani kuku wachache, kwa hiyo bila shaka alikusanya wiki nzima apate ya kutosha Jumapili. Mama yangu kule Burnt Forest aliyafukia kwenye ndoo ya mahindi, na ole wako ukitia mkono humo. Sisi tulidhani ni uchoyo. Leo hii ningetoa kitu kikubwa nimsikie tena akinifokea nitoke kwenye ile ndoo.

Kwa hiyo yaache mayai yako yakae wiki nzima. Kwa sasa nenda kwa jirani umwombe yaliyokaa. Chemsha maji kwanza hadi yatokote, ndipo uyatumbukize mayai polepole kwa kijiko, maji yayafunike. Punguza moto yatokote kwa utulivu, yasigonganegongane. Huyo mpishi wa Mombasa mwache na bahari yake. Huku kwetu juu maji hutokota mapema, kabla hayajapata moto kama wa kule pwani, kwa hiyo yai linahitaji muda zaidi. Lipe kama dakika kumi na tatu. Usilisahau pia, maana ile rangi ya kijani ni yai lililokaa motoni kupita kiasi. Ukiepua, mwaga maji ya moto, tia ya baridi, ukiyabadilisha hadi mayai yapoe kabisa. Kisha gonga upande ule mpana, na ganda likimenywa ndani ya maji litatoka lenyewe.

Lakini nimesema likimenywa. Sijasema wewe umenye.

Soma tena ulichoniandikia. Miaka yote hiyo baba yako hakukaa mezani kuletewa yai. Alikaa kumenyea watu. Mkewe amekwenda, watoto wametawanyika, na wewe kwa upendo wako umemnyang'anya na hiyo kazi iliyobaki, ukamwekea sahani ukakimbia. Hata yai lingekuwa laini namna gani, angelila na nani? Mikono kutetemeka si kitu. Mpe muda.

Ijumaa asubuhi, kabla hiyo Jumamosi yake haijafika, chemsha mayai mawili. Peleka karai mezani na maji yake, mayai yakiwa na maganda. Weka chumvi. Vuta kiti ukae, na simu iache chumbani. Duka litafunguliwa ukimaliza, wateja wako wataniwia radhi. Usimwambie afanye nini, na akikawia usimsaidie. Mwambie tu, "Baba, mimi pia sijakula."

Akishamenya la kwanza hatalila. Atakupa wewe. Lipokee.

Mama Jepchumba