Namba Yenye X

Jumatatu, 10 Machi

Tarishi ameleta barua asubuhi. Gundi, fundi wetu, ameipokea kwa vidole vilivyojaa gundi. Hilo ndilo lililompa jina. Msajili anaagiza: kila biashara ihakiki namba yake ya usajili kwenye tovuti kabla ya Ijumaa tarehe 21, saa kumi na moja jioni. Isiyohakikiwa itafutwa. Itafutwa — kama chaki ubaoni.

Karakana hii ya kujalidi vitabu ina miaka thelathini na minane. Marehemu mume wangu aliifungua nilipokuwa bado nafundisha sarufi. Cheti kimetundikwa juu ya mashine ya kukatia karatasi: 4170262X.

Mke wa mwanangu amesema ni kazi ya dakika tano.

Jumanne, 11 Machi

Dakika tano zimekuwa saa mbili. Mkwe wangu ametoka zamu zahanati, akafungua kompyuta yake mezani pangu, kati ya sindano na nyuzi. Tarakimu saba zimeingia bila taabu. Nikabonyeza X. Kisanduku kikawa chekundu: "Namba sio sahihi. Weka tarakimu nane."

Kwanza, waandike "si sahihi". Pili, ni sahihi.

Nimejaribu x ndogo. Nimejaribu kuacha nafasi. Nimejaribu kumweleza mkwe wangu, ambaye si yeye aliyeitengeneza fomu.

"Labda karani wa zamani alikosea, Mama, akakata kosa lake kwa hiyo X."

Nimemwambia marehemu hakuwa mtu wa kutundika kosa ukutani.

Alhamisi, 13 Machi

Ofisi ya msajili, dirisha la tatu. Karani mpole, macho hayaachi skrini. Ushauri wake: nisajili upya, nipewe namba mpya, nusu saa tu.

"Na tarehe ya kuanzishwa itakuwa ipi?"

"Ya leo, mama."

Kwa hiyo karakana izaliwe leo. Hospitali kuu inatafuta wa kujalidi madaftari yake ya wagonjwa, na sharti lao ni biashara yenye miaka kumi au zaidi. Maombi yanapokelewa Jumatatu tarehe 24, pamoja na cheti kilichohakikiwa. Kazi hiyo tumeifanya miaka yote. Tukiikosa, sina cha kumpa Gundi akishike, wala dada anayetushonea madaftari.

Nimemjibu karani kwamba sikuzaliwa leo. Foleni nzima nyuma yangu imecheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 15 Machi

Nimempata karani mstaafu, yule aliyeandika cheti chetu kwa mkono wake. Anaishi nyuma ya kiwanda cha matofali. Mwili umepungua, akili, hapana.

"X? Hiyo ni kumi, Mwalimu. Kumi ya Kirumi. Kaa nikufanyie."

Hakufanya yeye. Nimefanya mimi, yeye akinisimamia kama mkaguzi. Tarakimu ya kwanza mara nane, ya pili mara saba, hivyo hivyo hadi ya saba mara mbili. Jumla mia moja na kumi na moja. Gawanya kwa kumi na moja, inabaki moja. Kumi na moja toa moja, kumi. Kumi haiingii katika nafasi ya tarakimu moja, basi wakaandika X. Ndiyo iliyokuwa njia yao ya kumkamata mtu aliyekosea tarakimu hata moja.

Namba yetu inajithibitisha yenyewe. Fomu yao haijui hata kuzidisha.

Kasema kila biashara kumi na moja za zamani, moja hivi ina X. Nimemuuliza kama waliotengeneza fomu walikuja kumwona.

"Mimi? Mimi siku hizi naulizwa kama nimemeza dawa."

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudi kutoka kununua kitambaa cha majalada nikamkuta Gundi anatabasamu, na mkwe wangu amesimama karibu na mlango kama mtu aliyevunja sahani.

Mezani, cheti kipya. Alama ya tiki, kijani kibichi. Jina letu, anwani yetu, mwaka wetu wa kuanza. Namba: 41702620.

Waliondoa X wakaweka sifuri. Fomu ikakubali.

"Imepita, Mwalimu," kasema Gundi. "Tumeokoka."

Namba hiyo si yetu. Si ya mtu yeyote. Kwa hesabu ya karani mstaafu haiwezi kuwa ya mtu yeyote.

Jumanne, 18 Machi

Hatujasemezana. Nimeshona madaftari mawili. Uzi umekatika mara tatu.

Jumatano, 19 Machi

Mkwe wangu kaja na chai. Kaniuliza, bila kupandisha sauti: "Mama, unatetea herufi au unatetea watu?"

Swali zuri. Ningelikuwa darasani ningelimpa alama zote.

Nimemjibu hivi: siku hospitali watakapolinganisha cheti cha ukutani na hiki cha kijani, watakaoitwa walaghai ni sisi, si fomu. Na saini itakuwa yangu. Nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu miaka thelathini. Sijampa mtu alama kwa jibu alilolibuni ili limpendeze mwalimu. Sitaanza na nafsi yangu.

"Na ukikosa vyote viwili, namba na kazi?"

"Nitakuwa nimekosa vyangu."

Gundi alikuwa akisikiliza. Kasema yeye ana watoto wanne na hawali herufi. Kisha akaosha mikono, jambo asilolifanya kabla ya saa ya chakula, akakiteremsha cheti cha ukutani na kukipangusa vumbi. Kanikabidhi.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, ofisi ya msajili. Saa kumi na dakika arobaini na tano.

Nilifika saa tisa. Nilimpa karani wa dirisha la tatu cheti cha kijani, nikamwomba akifute.

"Mama, watu wanalia humu wapate hiki, wewe unarudisha?"

Nilimwekea cha zamani kando yake. Nikamwambia: fomu yenu imenikubalia namba ya uongo na kunikatalia ya kweli. Hebu niambie inahakiki nini.

Kwa mara ya kwanza aliacha skrini akanitazama. "Nikikifuta, na hii ya X isikubali, saa kumi na moja huna kitu. Unaelewa, mama?"

"Futa."

Alifuta. Karatasi yake alinirudishia.

Kisha niligeuka nikaiuliza foleni, kwa sauti ile ya gwaride la asubuhi: nani hapa namba yake inaishia na X? Mkono mmoja — mwenye duka la kufuli. Wa pili, mama wa cherehani. Wa tatu. Wa nne alisema alidhani ni yake peke yake, akaona haya kuuliza.

Karani aliingia chumba cha nyuma akatoka na fundi wa mfumo, mtu mwenye miwani na sandali. Alisema herufi haiwezi kuwa namba. Alisema muda hautoshi. Alisema mengine. Nilipomaliza kumsikiliza nilimwomba azidishe.

"Nizidishe nini, mama?"

"Nne mara nane. Anzia hapo."

Aliomba penseli. Nilimpa yangu, nikabaki na kalamu hii.

Amekaa kando yangu, anaandika nyuma ya cheti kilichofutwa. Amefika mia moja na kumi na moja. Amegawanya. Imebaki moja; ameandika X, kisha amenyoosha mkono, bila kuinua kichwa, kwa mwenye duka la kufuli.

"Na chako."

Zimebaki dakika kumi. Anazidisha.