Mama na Ile Kelele ya Kwenye Simu

Shoga, acha unachofanya usome. Mama ameniaibisha hadi nimekaa chini.

Leo hoteli ya huku ughaibuni imetupunguza kazini sisi wote tunaofua mashuka. Nikampigia Mama kumwambia mwezi huu sitatuma kitu.

Akasema, "Umefukuzwa? Afadhali!"

AFADHALI, shoga!

Unaikumbuka ile kelele kila nikimpigia, grrr grrr, nami natukana mtandao? Si mtandao. Ni vyerehani! Mama ana mafundi wanne sebuleni wanashona sare za shule, na mtaji ni zile hela ninazotuma nikidhani ni za chakula.

Nikamuuliza mbona hukuniambia? "Ningekuambia ungeacha kutuma. Nakujua, mwanangu."

Mafundi wakaangua kicheko. Kumbe ameniweka kwenye spika!

Halafu akageuka bosi. Anatafuta mtu wa kupiga pasi. Nitaanza kwa majaribio, na nisichelewe kazini, maana hataki watu waseme ameniajiri kwa kujuana. Kwa kujuana! Aliyenizaa!

Nikauliza mshahara, kwa kiburi kabisa. Akautaja. Shoga, ule wa hoteli nikiutoa kodi ya chumba ninayolipa huku, wa Mama unauzidi.

Nikamwomba autaje tena. Mimi, ninayejisifu kwako kila siku kwamba bila mimi kwetu hakuliwi.

Akaurudia, kisha akaniuliza kwa upole uleule ninaomuulizia mimi kila mwisho wa mwezi kama ana hela ya chakula:

"Nauli unayo, au nikutumie?"