Maombi ya Atieno

Mjukuu wangu Nyambura,

Hapa Herndon, Marekani, hatujambo. Babu yako goti limepona, ameanza tena kunisumbua jikoni. Unauliza kama uache kutangaza habari huko Nairobi uanze kutengeneza filamu. Umenikumbusha jambo ambalo hadi leo hunipandisha hasira.

Miaka ya elfu mbili, nikiwa bado nahudumia wazee, Mwingereza mmoja aliyeacha utangazaji wa televisheni akaingia kwenye filamu alikuja kurekodi matanga yetu kule Manassas, mji jirani. Rafiki yangu Atieno alikuwa amefiwa na mumewe. Kabla mwili haujasafirishwa nyumbani, aliomba kwa sauti, akimshukuru Mungu kwa mume aliyekuwa akimkanda miguu akitoka kazini. Sote tulilia.

Filamu ilipoonyeshwa, tulikusanyika nyumbani kwa Atieno kuitazama. Kwenye skrini, alipofungua mdomo tu kuomba, sauti ya yule bwana ikamfunika: “Mama huyu amekosa la kusema.”

Amekosa! Mtu ameacha kutangaza, lakini mdomo haujamwacha!

Atieno alizima televisheni, akatuambia tuinamishe vichwa. Akaomba upya, mwanzo hadi mwisho.

Tengeneza filamu, mama. Lakini mtu akianza kuomba, nyamaza.

Nyanya yako, ambaye hasira haijamwisha